Johannes Schmidt: mtu aliyemfuata mkunga hadi kwao

Juma hili siasa ya kaunti naiweka kando, na bei ya unga nawaachia wenye kuijua zaidi. Nataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja wa Denmark, Johannes Schmidt, aliyefariki mwaka 1933. Katika vitabu vya elimu ya bahari jina lake ni kubwa. Sisi huku Pwani hatumtaji, ilhali kazi aliyoifanya inatuhusu sana watu wa Malindi, Mambrui, Kipini na Ozi, na hasa wakati huu ambapo kila mto unapangiwa bwawa.

Shughuli zimenikalisha bara kwa muda, Kahawa Sukari, mtaa wa kando ya barabara ya Thika ambao jina lake tu linamshangaza Mpwani aliyelelewa kwa kahawa chungu. Ukitoka hapa kuelekea Thika, kwa mwendo mfupi wa matatu unavuka mto Ruiru, na mbele zaidi unavuka mto Thika. Ruiru unaingia Athi. Athi unapita chini ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, unakata Ukambani, unapokea mto Tsavo na kuitwa Galana, na ukifika kwetu tunauita Sabaki, ule unaomwaga maji yake mekundu baina ya Malindi na Mambrui. Thika nao unaingia Tana, na Tana unashuka Garissa na Garsen hadi karibu na Kipini. Mito miwili iliyo jirani huku juu inafika baharini imeachana, mmoja kusini mwa Ghuba ya Ungwana na mwingine kaskazini yake.

Ndani ya mito hiyo yupo samaki anayeisafiri njia yote hiyo, kutoka baharini kupanda juu, na baadaye kutoka juu kurudi baharini. Ni mkunga. Simsemi yule mkunga wa miambani mwenye meno makali anayewang'ata wapweza na vidole vya wavuvi. Namsema mkunga wa mtoni, mrefu kama nyoka, mtelezi, mwenye pezi moja lililozunguka mkia wote. Mito yetu ya Tana na Athi ina aina nne za mikunga hawa. Nilipowauliza majirani hapa, vijana walinitajia ngege na kambare tu. Mzee mmoja ndiye aliyenielewa. Aliniambia kwamba utotoni mwao walikuwa wakimwona mtoni, wakimkimbia kwa kudhani ni nyoka. Hakujua kwamba samaki yule alizaliwa baharini, na mimi sikushangaa kwamba hajui. Dunia nzima haikujua mpaka watu wa aina ya Schmidt walipojitoa kutafuta.

Tangu zama za kale mkunga aliwasumbua wenye elimu. Samaki wengine wote ukiwapasua kwa wakati wake unakuta mayai, lakini mkunga wa mtoni humkuti nayo. Aristotle wa Ugiriki alifikia kusema kwamba mikunga hutoka kwenye tope lenyewe. Mwaka 1876 kijana mmoja wa Austria, Sigmund Freud, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa elimu ya nafsi, alipasua mikunga wapatao 400 kule Trieste akitafuta viungo vya uzazi vya dume, na hakupata jibu la kumridhisha. Miaka 20 baadaye Giovanni Battista Grassi na mwenzake Salvatore Calandruccio, Waitaliano, walionyesha kwamba kile kisamaki bapa, chenye mwili unaopitisha mwanga kama kioo, kilichokuwa kikipatikana kwenye mlango wa bahari wa Messina na kuhesabiwa kuwa samaki wa aina yake, kwa hakika ni mtoto wa mkunga. Lakini alizaliwa wapi? Hilo halikujulikana.

Schmidt alizaliwa tarehe 2 Januari 1877 huko Jægerspris, mji mdogo wa Denmark, ambako baba yake alikuwa msimamizi wa shamba kubwa. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka 7. Familia ikahamia Copenhagen, na hapo mjomba wake akawa nguzo yake. Mjomba huyo, Johan Kjeldahl, alikuwa mkemia mashuhuri wa maabara ya Carlsberg. Nasema mapema kwamba Carlsberg ni kiwanda cha pombe, na jina hilo litarudi mara nyingi katika kisa hiki. Pombe tunawaachia wenyewe, sisi tunachukua elimu. Mtoto yatima aliyelelewa kando ya maabara alikua akiona kazi ya kupima na kuandika kila siku, na jambo hilo halikumtoka maisha yake yote.

Alianza na mimea, wala hakuwa mtu wa samaki. Alisoma Chuo Kikuu cha Copenhagen, na mwaka 1899 alikwenda Siam, nchi tunayoiita Thailand leo, akakaa huko hadi mwaka uliofuata akichunguza mimea ya kisiwa cha Koh Chang. Hapo alikutana na mti tunaoujua vizuri kuliko yeye: mkoko. Alirudi kwao akaandika utafiti wake wa udaktari juu ya machipukizi ya mikoko ya upande wetu wa dunia, akatunukiwa shahada hiyo mwaka 1903. Mtu wa Lamu au wa Mida angeweza kukaa naye barazani akazungumza naye kutwa. Mwaka huohuo alimwoa Ingeborg Kühle, binti wa mmoja wa wakuu wa kiwanda cha Carlsberg.

Wakati huo serikali za kaskazini mwa Ulaya zilikuwa na hofu kwamba samaki wa kuliwa wanapungua, na Denmark ikaiweka meli ya Thor, meli ya uvuvi yenye injini ya mvuke, itumike kwa utafiti. Schmidt akapewa kazi humo. Mei 1904, magharibi mwa visiwa vya Faroe, alipokuwa akitafuta watoto wa samaki wa chakula wa bahari baridi, wavu wake ulileta kisamaki kimoja bapa kama jani la mwarobaini, urefu milimita 77. Alikitambua. Alikuwa ni mtoto wa mkunga wa Ulaya, na kabla ya siku hiyo hakuna aliyemwona nje ya bahari ya Mediterania.

Samaki huyo mmoja ndiye aliyemwelekeza njia ya maisha yake. Schmidt alijiuliza swali ambalo mvuvi yeyote angejiuliza: ikiwa huyu ni mtoto mkubwa hivi, basi mdogo wake yuko wapi? Na aliye mdogo kuliko huyo je? Akaona kwamba njia ya kufika kwao mkunga ni kuwafuata watoto, kutoka mkubwa hadi mdogo, hadi afike mahali ambapo hapana mdogo zaidi. Hapo ndipo walipozaliwa.

Hoja ni nyepesi kuisema. Kuitenda ilichukua karibu miaka 20. Kuanzia 1908 hadi 1910 alizunguka Mediterania na Thor. Mwaka 1910 alifanywa mkuu wa idara ya fiziolojia katika maabara ya Carlsberg, kazi ya kukaa ofisini ambayo ingemtosha mtu mwingine, lakini bahari haikumwachia. Alipokosa meli, aliwaendea manahodha wa meli za biashara za Denmark zilizokuwa zikivuka Atlantiki, akawapa nyavu za matundu madogo na maelezo ya jinsi ya kuzivuta na kuhifadhi kinachopatikana. Manahodha hao hawakuwa wasomi wa samaki, na meli zaidi ya 20 zilishiriki. Mwaka 1913 alipata merikebu ya matanga iitwayo Margrethe, ikafanya kazi miezi michache kisha ikaharibika na kupotea katika visiwa vya West Indies. Vilivyokusanywa vilisalimika. Mwaka uliofuata vita vya kwanza vya dunia vikafunga bahari, na baadhi ya meli zilizokuwa zikimsaidia zilizamishwa.

Miaka ile ya kungoja hakuipoteza bure. Alihesabu. Alikuwa na mitungi ya mikunga kutoka kila pembe, akazihesabu pingili za uti wa mgongo za maelfu yao. Alithibitisha kwamba mkunga wa Ulaya ana pingili zipatazo 115, na mkunga wa Marekani zipatazo 107. Kwa macho huwezi kuwatofautisha watoto hao wawili, lakini kwa hesabu unaweza. Hapo alijua kwamba jamii mbili zinachanganyika katika bahari moja, kisha kila mmoja anajua upande wa kwenda.

Vita vilipokwisha alirudi na meli iitwayo Dana, kuanzia 1920 hadi 1922. Kila alivyosogea kusini na magharibi mwa Atlantiki watoto walizidi kuwa wadogo, mpaka alipoingia Bahari ya Sargasso, ile sehemu yenye mwani unaoelea baina ya Bermuda na visiwa vya Karibi. Hapo alipata wenye urefu wa milimita 5 hadi 7 tu. Aliitangaza kazi hiyo katika makala yaliyochapishwa na Jumuiya ya Kifalme ya London, nayo ikamweka katika historia. Kwa hivyo kisamaki kinachopanda kijito cha shamba huko Denmark kimetoka kwenye bahari iliyo umbali wa kilomita zaidi ya 5,000. Na yule mkubwa anayeshuka mto usiku wa mvua anakwenda hukohuko, anazaa mara moja katika maisha yake, kisha anakufa.

Haki ya mtu ni kusemwa kwa mazuri yake na kwa mapungufu yake. Schmidt alipenda hadithi iliyonyooka. Watafiti wawili waliozipitia upya hesabu zake mwaka 1985 walionyesha kwamba alikuwa na uhakika zaidi ya ushahidi wake, na kwamba baadhi ya takwimu hazikuingia kwenye simulizi aliyoitoa. Yai la mkunga wa Ulaya hakuwahi kulipata, na hadi leo hakuna aliyelipata porini. Lakini njia aliyoionyesha ilikuwa sawa. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba mikunga wakubwa waliofungwa vifaa vya kuwafuatilia karibu na visiwa vya Azores walifika Sargasso kweli, miaka 100 baada ya yeye kusema kwamba ndiko wanakokwenda.

Hakutosheka na Atlantiki. Mikunga wengi wa aina mbalimbali wanaishi katika nchi zinazopakana na Bahari Hindi na Pasifiki, na Schmidt alitaka kujua kama nao wanazaliwa kwenye kina kirefu cha maji ya joto. Juni 1928 Dana iling'oa nanga Copenhagen kwa gharama ya mfuko wa Carlsberg, ikapita Panama, ikavuka Pasifiki, ikafika New Zealand, Australia na Indonesia, ikaingia Bahari Hindi yetu hii, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kurudi kwao Juni 1930. Watoto wa mikunga wa upande wetu walipatikana, hasa magharibi mwa Sumatra. Mwaka 1930 Uingereza ilimtunuku nishani ya Darwin. Februari 1933, kabla hajamaliza kuandika juu ya mizigo aliyorudi nayo, homa ya mafua ilimchukua. Alikuwa na miaka 56. Meli yenyewe ya Dana iligongwa na kuzama katika Bahari ya Kaskazini mwaka 1935.

Kazi iliyobaki waliimalizia wenzake. Vilhelm Ege alichapisha mwaka 1939 kitabu cha kuzipanga aina zote za mikunga wa mtoni duniani, akahesabu 16, wakiwemo wale wanaopanda mito yetu. Miaka ya 1950 Winifred Frost, mtaalamu wa samaki wa maji baridi kutoka Uingereza, alikuja Kenya na mwaka 1955 akachapisha uchunguzi juu ya maisha ya mikunga wa mito ya nchi hii. Baada ya hapo kimya kilikuwa kirefu. Watafiti wa siku za karibuni wanaamini kwamba mikunga wa pwani ya Afrika Mashariki wanazaliwa huko mashariki mwa Madagascar, na mikondo ya bahari inawaleta kwetu. Lakini hakuna aliyefanya kwa mkunga wa Sabaki na wa Tana yale Schmidt aliyomfanyia mkunga wa Ulaya. Sisi hatujui hata idadi ya wanaoingia kila mwaka.

Sasa, ndugu yangu, tumchukue mtoto mmoja wa mkunga tumfuate njia aliyotufundisha Mdenmark, ila tugeuze mwelekeo.

Mkondo wa bahari umemfikisha karibu na ufukwe. Ule mwili bapa umejikunja ukawa mviringo na mwembamba, bado unaonyesha upande wa pili. Anaisikia harufu ya maji baridi na kuingia mlango wa mto. Akiwa mtoni anabadilika rangi na kuanza kupanda. Anapanda usiku. Akikutana na maporomoko, kama yale ya Lugard kwenye Galana au ya Fourteen Falls karibu na Thika, hajali sana, maana akiwa mdogo anaweza kupanda jiwe lililolowa kwa kujibandika tumbo, akipita nyufani na kwenye ukungu wa kijani, hata kama jiwe limesimama. Mwenyezi Mungu amempa uwezo huo. Huku juu atakaa miaka mingi, kumi na zaidi, anakula kaa, wadudu na samaki wadogo, anakua. Siku ikifika anabadilika tena, macho yanakuwa makubwa, tumbo linang'aa, na anashuka na mafuriko kurudi baharini kuzaa.

Hiyo ndiyo njia ilivyokuwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Nairobi ilianza kupata umeme wa maji kutoka mto huuhuu wa Ruiru. Miaka ya 1920 mtambo mwingine ukawekwa Ndula kwenye mto Thika. Hiyo ilikuwa mitambo midogo. Baadaye likaja Bwawa la Ruiru la kuinywesha Nairobi, na mwaka 1994 likakamilika bwawa kubwa la Ndakaini juu ya mto Thika. Chini yake, kwenye Tana, mabwawa matano ya umeme yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mtoto wa mkunga anayetoka Kipini anakutana kwanza na Kiambere, ukuta wa zaidi ya mita 100. Tuseme kwa kudra amepita. Anakuta Kindaruma. Kisha Gitaru, kisha Kamburu, kisha Masinga. Kisha ndio aufikirie mto Thika.

Ukuta wa bwawa si jiwe la maporomoko. Ni mrefu, mara nyingi mkavu, na pale maji yanapomwagika yanakwenda kwa nguvu zisizomruhusu kiumbe wa urefu wa kidole kushika. Wanaofika wanarundikana chini ya ukuta, na hapo ndege, samaki wakubwa na mamba wanajipatia karamu. Jambo la pili ni kwamba bwawa linabadilisha mto wenyewe. Yale mafuriko yaliyokuwa yakiwaita watoto kuingia na kuwaambia wakubwa kwamba ni wakati wa kushuka, yanashikwa nyuma ya ukuta na kutolewa kwa saa za wenye umeme. Ndugu zetu Wapokomo wanaolima kwa mafuriko ya Tana wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu.

La tatu ni safari ya kurudi. Mkunga mkubwa, ambaye huenda alipanda kabla ukuta haujajengwa, anashuka akifuata maji yanakokwenda. Maji yanakwenda kwenye mtambo. Samaki mfupi huweza kupenya baina ya mapanga yanayozunguka, lakini mkunga ni mrefu, na urefu wake ndio unaomponza. Na anayekufa hapo ni mzazi ambaye hajazaa hata mara moja, maana mkunga hazai mpaka afike baharini.

Huko Ulaya wameona matokeo. Watoto wa mkunga wanaofika mitoni mwao wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1980. Sababu ni nyingi, zikiwemo uvuvi, uchafu, vimelea na mabadiliko ya bahari, lakini vizuizi vya mitoni vimo katika orodha ya kila mtaalamu. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria kwamba kila nchi ihakikishe angalau asilimia 40 ya mikunga wakubwa ambao wangefika baharini lau si mkono wa binadamu, wanafika. Mwaka uliofuata mkunga wa Ulaya aliwekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Sisemi haya ili tuzime umeme. Mimi mwenyewe naandika kwa taa, na jokofu la samaki pale Malindi au Kipini linahitaji umeme kuliko wa mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba dawa ipo na haina gharama ya kutisha ukiilinganisha na bei ya bwawa. Kwa watoto wanaopanda, huwekwa mfereji mwembamba wa mteremko kando ya ukuta, wenye bura kama za ufagio na maji kidogo yanayotiririka, wakapanda wenyewe. Ukuta ukizidi kimo, watoto hunaswa chini kwa mtego maalumu na kubebwa kwa gari hadi juu. New Zealand wanafanya hivyo. Ireland wanafanya hivyo kwenye mto Shannon, penye mtambo wa Ardnacrusha uliofunguliwa mwaka 1929, na mikunga wakubwa nao wananaswa juu na kushushwa kwa gari kupita mitambo. Kwa wanaoshuka, vyuma vya kuchuja huwekwa karibukaribu mbele ya mitambo pamoja na njia ya pembeni, na usiku wa mafuriko mitambo inaweza kupunguzwa.

Mabwawa matano ya Tana yalijengwa kabla ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999 iliyolazimisha tathmini ya athari kwa miradi ya aina hiyo. Wa leo hawana kisingizio hicho. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2018, liko chini kidogo ya pale mto Thwake unapokutana na Athi. Maana yake ni kwamba linaufunga mto wetu wa Sabaki, ambao hadi sasa haukuwa na ukuta mkubwa kama ile ya Tana. Kila kijito cha Athi kilicho juu yake, Ruiru ukiwa mmoja, kinakatwa na bahari kwa upande wa samaki. Kwenye Tana nako mpango wa bwawa la High Grand Falls umezungumzwa miaka mingi, nalo litakuwa chini ya yale matano, karibu zaidi na bahari.

Mradi wa bwawa ukija, vikao vya wananchi hufanywa pale ukuta unapojengwa. Watu huulizwa juu ya ardhi yao na fidia yao, na hilo ni haki yao. Mvuvi wa Mambrui haitwi, wala wa Ozi, kwa sababu anahesabiwa kuwa mbali. Maisha ya Johannes Schmidt yanakataa hesabu hiyo. Alionyesha kwa nyavu na kwa namba kwamba kisamaki cha kijito cha milimani na bahari ya mbali ni nyumba moja yenye milango miwili. Anayefunga mlango mmoja amefunga nyumba.

Nina maombi matatu, na nayaelekeza kwa wawakilishi wetu wa Kilifi, Tana River na Lamu. Kwanza, waulize hadharani kama Thwake ina njia ya samaki, na kama haina, iwekwe sasa kabla gharama haijapanda. Pili, kila tathmini ya bwawa jipya la Tana au Athi ifikishwe kwenye vikao vya mlangoni mwa mto, sio makaratasi peke yake. Tatu, taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iwape wavuvi wa Sabaki na wa Ozi nyavu za matundu madogo na daftari, kama Schmidt alivyowapa manahodha wake, wahesabu watoto wa mkunga wanaoingia, msimu hadi msimu. Manahodha wale hawakuwa na shahada, na bila wao asingefika.